Ziwa moja, sheria nne: adhabu ya kifo pande zote za Tanganyika

MAGARA, Rumonge – Anayepakia ndagala au mawese katika mwalo huu huulizia kwanza bei ya Kigoma, ushuru na upepo. Sheria ya jinai ya ng'ambo haiulizwi, ingawa inatofautiana kuliko hata sarafu.

Burundi ilifuta adhabu ya kifo Aprili 2009. Julai 1997 watu sita walinyongwa. Leo adhabu kubwa ni kifungo cha maisha. Hata kesi ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, iliyohukumiwa Oktoba 2020, iliishia hapo kwa Pierre Buyoya. Zambia nayo iliifuta kwa makosa ya kawaida Desemba 2022.

Ukivuka kwenda Kigoma, mambo ni mengine. Tanzania haijanyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana hiari, isipokuwa kwa mjamzito au aliyekuwa chini ya miaka 18. Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema kumnyima jaji hiari hiyo ni kuvunja haki ya kuishi. Kongo ilikuwa imesitisha kuua wafungwa tangu 2003. Machi 2024 serikali iliondoa zuio hilo, ikitaja usaliti jeshini na ujambazi wa mijini.

Na wananchi? Kufuta sheria hakukufuta hasira. Hoja ya “aliyeua auawe” ina nguvu pande zote za ziwa, na mwizi anayekamatwa sokoni bado anaweza kupigwa hadi kufa kabla polisi hawajafika. Nionavyo, wengi wanaodai kitanzi wanadai jambo jingine: uhakika kwamba muuaji hatatoa kitu kidogo akarudi mtaani. Lakini mahakama inayotiliwa shaka kwa kuachia watu ndiyo hiyo hiyo ingepewa kamba. Hao sita wa 1997 walinyongwa baada ya kesi ambazo mashirika ya haki za binadamu yalisema hazikuwa za haki, na hakuna rufaa inayowarudisha.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kushika ni hili: kosa huhukumiwa kwa sheria ya mahali lilipotendeka, si ya pasipoti. Ukikamatwa ugenini, mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi mdogo wa nchi yako ujulishwe. Burundi inao mmoja Kigoma. Omba hilo kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.