Nyonga ya Bo Jackson: Mfupa Hufa Unapokosa Damu

Tarehe 13 Januari 1991, mjini Los Angeles, Bo Jackson alitimka na mpira kama ilivyokuwa kawaida yake. Mchezaji wa Cincinnati Bengals alimshika kwa nyuma, naye akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 28. Anguko hilo halikutisha kwa macho, lakini lilihitimisha safari yake katika futiboli ya Kimarekani. Kwa misimu minne alikuwa amekimbia na mpira yadi 2,782, takribani kilomita 2.5, katika michezo 38 tu.

Nyonga yake ilikuwa imeteguka. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa damu hasa na ateri ndogo zinazopanda kwenye shingo ya mfupa huo. Nyonga inapoteguka, ateri hizo huweza kubanwa au kuchanika. Damu ikikatika, seli za mfupa hufa, na baada ya miezi kadhaa kichwa hicho cha mviringo huanza kudidimia. Ndivyo ilivyomfika Jackson, hata mwaka 1992 akawekewa nyonga ya bandia. Mwaka 1993 alirejea katika besiboli na timu ya Chicago White Sox, akacheza kwa mara ya mwisho mwaka 1994. Hata hivyo, wengi wanaowekewa nyonga ya bandia hushauriwa kuepuka michezo ya kukimbia na kuruka.

Maradhi haya hayawapati wanamichezo pekee. Huletwa pia na ajali za barabarani, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, unywaji wa pombe kupindukia na ugonjwa wa seli mundu. Dalili yake kuu ni maumivu ya kinena, ambayo pengine hushuka hadi gotini, pamoja na kuchechemea. Mwenye seli mundu asidhani kwamba kila maumivu ya nyonga ni yale aliyoyazoea.

Kwa mhudumu wa afya, nyonga iliyoteguka ni dharura: irudishwe mahali pake mapema, ikiwezekana ndani ya saa sita. Majeruhi asikandwe wala kuvutwa mguu mtaani. Aidha, eksirei ya awali huweza kuonekana salama ilhali mfupa umekwisha kuathirika. Maumivu yakiendelea, mgonjwa apewe rufaa kwa kipimo cha MRI. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mfupa huweza kutobolewa ili kupunguza shinikizo ndani yake, na pengine kiungo kikaokolewa. Kichwa kikishadidimia, mara nyingi tiba inayobaki ni kubadilisha nyonga.