Je, Wajua? Mnyama Akishtuka, Tumbo Husimama

Je, wajua kwamba siri hii ilifichuliwa na paka? Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, Marekani, aliwalisha paka mkate uliochanganywa na chumvi ya bismathi, kisha akatazama matumbo yao kwa eksirei. Mawimbi ya kusaga chakula yalipita moja baada ya jingine. Paka alipohangaika, yalikoma, alipotulia, yalirudi.

Je, wajua kwamba wanaosimamisha tumbo ni adrenalini na nduguye noradrenalini? Adrenalini hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Noradrenalini humwagwa hasa na ncha za neva. Lakini zote mbili ni bure pasipo vipokezi, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazozinasa. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist alivigawa vipokezi hivyo makundi mawili: alfa na beta.

Je, wajua kwamba utumbo ni mkaidi? Kwenye mishipa ya damu, kwa kawaida alfa hukaza na beta hulegeza. Kwenye ukuta wa utumbo, vyote viwili hupunguza mwendo. Kipande cha utumbo wa sungura kikitundikwa ndani ya maji ya chumvi yenye joto na oksijeni, huendelea kujikunja na kujikunjua chenyewe. Kidondoshee adrenalini: kinalegea na kutulia.

Je, wajua kwamba alfa-2 huuzuia msuli bila kuugusa? Vipokezi hivi, tawi mojawapo la kundi la alfa, hukaa kwenye ncha za neva za utumbo na kubana asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Beta vimo kwenye msuli wenyewe, na huulegeza moja kwa moja.

Je, wajua kwamba milango ya utumbo hufanya kinyume? Msuli wa duara ulio kati ya utumbo mwembamba na mpana hujikaza kupitia alfa-1, tawi jingine la alfa. Ukuta umelegea, mlango umefungwa: chakula hakiendi popote.

Je, wajua kwamba ukikandamiza ngumi ubavuni kushoto mwa ng'ombe, nyuma ya mbavu, utahisi tumbo lake kubwa likijisukuma mara moja au mbili kwa dakika? Zailazini, dawa ya kutuliza mifugo, huamsha alfa-2 na kuuzima mwendo huo. Ng'ombe hashindwi tu kucheua. Hata gesi haitoki, naye huanza kuvimba.

Je, wajua kwamba dozi ya zailazini inayomtosha ng'ombe ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya farasi mwenye uzito uleule?

Je, wajua kwamba kiondoa makali cha zailazini kimo kwenye gome la mti wa Kiafrika? Yohimbini, kutoka mti wa yohimbe unaoota Kameruni na Gabon, huviziba vipokezi vya alfa-2. Mnyama huzinduka na tumbo huanza tena kusukuma.

Je, wajua kwamba farasi mwenye msokoto wa tumbo huchomwa zailazini apunguziwe maumivu, ilhali dawa hiyohiyo hupunguza mwendo wa utumbo? Ukimya unaosikika kwenye stetoskopu baada ya sindano huenda ni wa dawa, si wa ugonjwa.

Je, wajua kwa nini basi mnyama mwenye hofu hujisaidia papo hapo? Ubongo una njia nyingine, isiyo ya adrenalini, inayouharakisha utumbo mpana hata kama tumbo la juu limesimama.

Je, wajua kwamba Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa utafiti uliojengwa juu ya vipokezi vya adrenalini?

Je, wajua kwamba ng'ombe anayesubiri zailazini hunyimwa chakula kwanza, kisha hulazwa akiegemea kifua, si ubavu? Akilala hivyo gesi hupata njia ya kutoka, na mate hayaingii mapafuni.