Sura ya 7: Sisikii Kitu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kilichotwishwa mzigo mkubwa. Tunasikia muziki, sawa, lakini pia tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa kwa jirani, tunasikia uchungu na tunasikia raha. Kwa hiyo mtu akiingia kwenye zahanati, akaketi na kusema, "Daktari, sisikii kitu," anaweza kuangaliwa masikio. Nimetia chumvi, ila si nyingi. Masikio yake ni mazima. Kilichozimika ni hayo mengine yote ambayo kitenzi hicho huyabeba.

Twende Tassia, mashariki mwa Nairobi, katika eneo la Embakasi. Ni mtaa wa ploti na ghorofa zilizobanana, ambapo dirisha lako la jikoni linaweza kufunguka mbele ya ukuta wa mwenzako. Ijumaa asubuhi, tarehe 6 Desemba 2019, jengo la ghorofa sita lilianguka hapo. Watu wapatao 10 walikufa, na vifusi vilichimbuliwa kwa siku kadhaa huku jamaa za waliofukiwa wakisubiri pembeni. Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lenye gesi lililipuka huko huko Embakasi, sehemu iitwayo Mradi. Kuna waliokufa, na zaidi ya watu 200 walijeruhiwa. Mkaaji wa Tassia anaweza kuwa ameyaona yote mawili bila kuhama nyumba.

Katikati ya habari hii tumweke mama mmoja. Simjui, nimemuunga vipande vipande kutokana na dalili za msongo wa baada ya kiwewe, ili tuzione zikitembea. Anauza chapati karibu na steji. Jengo lilipoanguka alimpoteza dada yake. Alisafiri na mwili hadi nyumbani, akazika, na baada ya siku kumi alikuwa ameshawasha jiko tena. Majirani walimsifu: "Mama, umejikaza kweli. Mungu amekupa nguvu." Akajibu, "Ni Mungu tu," akageuza chapati. Jioni mwanawe wa miaka minane humkimbilia na kumkumbatia kiunoni. Mama hukiangalia kile kichwa. Anajua kwamba anampenda mtoto huyu, kama anavyoijua namba ya kitambulisho chake. Kusikia, hasikii.

Hali hii lugha yetu ina jina lake: ganzi. Meno huingia ganzi ukila ukwaju. Mguu hufa ganzi ukiukalia. Lakini ganzi inayotufaa hapa ni ile ya sindano ya daktari wa meno. Jino halikuumi, ndiyo, lakini nusu ya mdomo nayo imekwenda nalo. Ukifika nyumbani ukanywa chai, inakuunguza mdomo na huna habari. Sindano haichagui. Ganzi ya moyo nayo ni hivyo hivyo: inakuja kuzuia kilio, inaondoka na kicheko pia, na hamu ya chakula, na utamu wa wimbo, na lile joto la kumwona mtu wako akiingia mlangoni.

Daktari wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, alikutana nayo Hiroshima mwaka 1962, alipozungumza na walionusurika katika bomu la atomiki. Walimsimulia jinsi walivyopita katikati ya maiti, macho yakiona kila kitu na moyo umefungwa. Mwaka 1980, madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza msongo wa baada ya kiwewe katika mwongozo wao wa magonjwa, ganzi ilikuwamo tangu mwanzo. Toleo la 2013 linataja waziwazi kushindwa kusikia furaha, kuridhika au upendo. Inahesabiwa pamoja na zile dalili ambazo watu wengi huzijua zaidi: ndoto mbaya, kushtuka, kulikwepa eneo la tukio.

Hapa wengi huchanganyikiwa. Mtu anayerukia ukutani geti likibamizwa, anawezaje kuambiwa amekufa ganzi? Anaweza, na mara nyingi ndiye huyo huyo. Mtafiti Brett Litz aliandika mwaka 1992 kwamba waathiriwa hawajapoteza uwezo wa kufurahi. Mwili umejaa tahadhari, umechoka, na furaha ndogo ndogo hazina nguvu ya kupenya. Waza redio ya matatu iliyofunguliwa mpaka mwisho: mtoto akikunong'onezea, utamsikiaje? Ndiyo maana baadhi ya wanaume hutafuta kelele kubwa zaidi. Wanaendesha bodaboda kama watu wasio na mama, wanachokoza ugomvi, wanakunywa hadi alfajiri, kwa sababu hofu na hasira bado zinapenya.

Kuna namna nyingine, iliyo tulivu zaidi. Ruth Lanius wa Kanada na wenzake waliwapiga waathiriwa picha za ubongo huku wakisikilizishwa masimulizi ya mikasa yao wenyewe. Wengi mapigo yao ya moyo yalipanda, wakaliishi tukio upya. Wachache walikwenda mbali: walijiona kama wako nje ya miili yao, na mapigo hayakupanda. Kwa hao, sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia hisia, ilikuwa imekanyaga breki kuliko kawaida. Kwa hiyo ile sura ya utulivu ni kazi ngumu inayofanywa ndani, kwa nguvu nyingi, na mwenyewe hana habari kwamba anaifanya. Ndiyo maana huchoka hata siku asiyofanya lolote.

Na sisi tunaisifu. Hilo ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika sura hii. Mwenye kulia tunamshika mkono, tunamletea uji, tunalala kwake. Aliyekauka tunamwambia ana roho ngumu, tunamwachia matanga ayapange yeye. Anapewa daftari la michango, anapewa simu ya kupiga kwa wenye gari. Baada ya miezi mitatu mumewe anaanza kunung'unika kwamba mke amebadilika, amekuwa kama mpangaji katika nyumba yake mwenyewe, na jirani mmoja anapendekeza kwamba labda ana mwanaume mwingine.

Nairobi ilikwisha kupewa somo hili. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 213 jijini, Dkt. Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia msongo wa baada ya kiwewe. Kilichonigusa ni orodha ya mambo yaliyoambatana na dalili hizo. Kuona mlipuko na kuumia kulikuwamo, hilo lilitarajiwa. Lakini kulikuwamo pia kukosa kumweleza rafiki, na kubanwa na pesa tangu siku ya mlipuko. Mama wa chapati ana yote mawili. Dada yake ndiye aliyekuwa akichangia nusu ya kodi, na dada yake ndiye aliyekuwa rafiki.

Basi ganzi hutokaje? Kumbuka mguu uliokufa ganzi. Haurudi kwa utamu. Unarudi kwa kuchoma, kama sindano mia, na unatamani ungeendelea kulala. Moyo nao huanza hivyo. Mtu aliyekuwa kimya mwaka mzima anamfokea msimamizi wa ploti kwa sababu ya ndoo ya maji, au anaangua kilio chapati moja ikiungua. Familia inaogopa: ugonjwa umemzidia! Wakati mwingine ni kweli, na akisema anataka kufa, au akianza kujiumiza, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingine ni mguu unaoamka, na anachohitaji ni mtu wa kukaa naye bila kumwambia anyamaze.

Tiba zenye ushahidi zipo, na baadhi zimejaribiwa karibu na kwetu. Katika kambi za wakimbizi nchini Uganda, ilitumika tiba ya kusimulia maisha: mtu hutandaza kamba sakafuni, anaweka jiwe kwa kila mkasa na ua kwa kila jambo jema, kisha anasimulia kwa mpangilio mpaka mkasa upate tarehe yake na uache kutokea kila siku. Nayapenda yale maua. Mwenye ganzi huapa kwamba hana hata moja, halafu anakumbuka baiskeli ya mjomba.

Nairobi yenyewe, wahudumu wa afya wa kijamii wasio madaktari walifundishwa mpango wa vikao vitano, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 421 wenye historia ya ukatili, ulionyesha kwamba mpango huo unapunguza dhiki. Mojawapo ya mafunzo yake ni kuanza kutenda kabla ya hamu kuja. Kwa mwenye ganzi huu ndio mlango mpana kuliko yote, kwa sababu akisubiri hamu atasubiri mpaka azeeke. Achague jambo moja dogo alilokuwa akilipenda, alipangie siku na saa, alifanye hivyo hivyo likiwa halina ladha. Dawa za kupunguza sonona husaidia wengine, ingawa kuna anayehisi zenyewe zinamzidishia ganzi; amweleze daktari, asiziache ghafla.

Tuseme mama wetu alichagua nywele za bintiye mdogo. Kila Jumapili baada ya ibada, stuli mlangoni, kitana na kopo la mafuta ya nazi. Jumapili ya kwanza alisuka kama anayefunga mizigo. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alifungua kopo akasikia harufu ya mafuta, yale yale aliyokuwa akipaka dada yake, na mikono ikasimama katikati ya mistari. Kisha akamkaripia mtoto kwa kutikisa kichwa. Mtoto hakuwa ametikisa kichwa.

"Pole, mamangu," akamwambia. "Kaa hapo, bado mistari miwili."