Kutafuta vifyatuo katika katalogi ya hifadhidata

Mtego hufyatuka uguswapo. Ndivyo kilivyo kifyatuo cha hifadhidata. Ni amri iliyofungwa kwenye jedwali, nayo hutekelezwa yenyewe mstari uingizwapo, ubadilishwapo au ufutwapo. Karani aliyeandika alama 12 kisha akakuta 10 humshuku mwenziwe bure, kumbe kilichobadilisha ni kifyatuo asichokijua.

PostgreSQL huziweka habari za vifyatuo katika jedwali lake la ndani, pg_trigger. Humo tgname ni jina la kifyatuo, tgrelid ni namba ya jedwali lililofungiwa. Herufi ya tgenabled ndiyo ya kutazamwa kwanza: O, kinafanya kazi kama kawaida, D, kimezimwa. Orodha ya information_schema.triggers husomeka kwa wepesi zaidi, lakini haisemi kama kifyatuo kimezimwa, wala haivitaji vile vya TRUNCATE.

Mfumo nao hujiundia vifyatuo vya kulinda uhusiano wa majedwali. Hivyo huchujwa kwa sharti la NOT tgisinternal. Tamko la kifyatuo hutolewa na pg_get_triggerdef. Tamko hilo, hata hivyo, huitaja tu funksheni inayoitwa. Hesabu iliyopunguza zile alama 12 imo ndani ya funksheni yenyewe, nayo husomwa kwa pg_get_functiondef.