Mtoto Anapokutwa na Taifodi na Minyoo kwa Pamoja

Si ajabu mzazi aliyempeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati ya mtaani kurudi na majibu mawili katika karatasi moja: taifodi na minyoo. Hununua antibiotiki kwa ajili ya moja na kidonge kwa ajili ya jingine, mtoto hupata nafuu, na baada ya miezi michache wanarudi pale pale. Wengi huiona hiyo kuwa mikosi miwili iliyomwangukia mtoto mmoja. Lakini majibu hayo, yakiwa ya kweli, yanaeleza jambo moja tu: kinyesi cha binadamu kimepata njia ya kumfikia mtoto. Tiba isiyoiziba njia hiyo haijamaliza kazi.

Bakteria anayeleta taifodi, Salmonella Typhi, hana makao mengine ila mwili wa binadamu. Haishi kwa ng'ombe wala kwa kuku. Kila mgonjwa ameupata ugonjwa, kupitia maji, chakula au mikono, kutoka kwa binadamu mwenzake. Minyoo ya mviringo, maarufu kama askari, huanzia hapo hapo ila huenda polepole. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hukaa udongoni wiki mbili au zaidi kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni huyachukua yote mawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha mtaa wa Kibera jijini Nairobi na eneo la mashambani la Lwak, magharibi mwa Kenya. Kibera ilikuwa na visa vya taifodi takriban 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Lwak 29, na huko Kibera watoto wadogo ndio walioumia zaidi. Ukiutazama mtaa wenye msongamano kama huo, sababu haijifichi: vyoo ni vichache, na mabomba ya plastiki yanayojaza madumu ya maji hupita ndani ya mitaro ya majitaka; yakipasuka, uchafu huingia.

Kabla ya kutibu, hata hivyo, ni lazima kuuliza kama majibu yenyewe ni ya kuaminika. Zahanati nyingi bado hutegemea kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Mhudumu wa maabara hudondosha tone la majimaji ya damu juu ya kioo, akaongeza tone la kitendanishi cha rangi, akakitikisa taratibu na kutazama kama chembechembe zitagandana. Zikigandana, maana yake damu ina kingamwili zinazoshikana na kitendanishi hicho. Kingamwili hizo zaweza kuwa zimebaki tangu ugonjwa wa zamani, au zimeletwa na maambukizi mengine kabisa. Kipimo bora ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, ingawa nacho hukosa wagonjwa wengi na huchukua siku kadhaa. Kwa upande wa pili, mayai ya minyoo yakionekana kwenye choo kikubwa hayatoshi kueleza homa kali, kwa sababu minyoo iliyokomaa tumboni kwa kawaida haileti homa ya namna hiyo. Mhudumu akiridhika na minyoo, anaweza kuiacha malaria au taifodi ya kweli ikiendelea. Akiridhika na Widal, atampa mtoto antibiotiki asizozihitaji na kuzidisha usugu wa dawa.

Kuna minyoo inayosaidiana na bakteria waziwazi. Minyoo ya kichocho, iliyozoeleka katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, hukaa ndani ya mishipa ya damu, na bakteria wa jamii ya Salmonella hujishikiza kwenye ngozi yake. Antibiotiki huwapunguza walio kwenye damu, waliojificha huibuka tena, na homa hurudi mpaka kichocho chenyewe kitibiwe.

Wapo watakaosema kwamba sayansi imekwisha kutupa jibu jepesi. Ni kweli kwamba chanjo mpya ya taifodi ni nzuri: katika majaribio ya Malawi yaliyohusisha watoto wapatao 28,000, iliwakinga takriban wanane kati ya kila kumi, na Kenya ilianza kuitoa Julai 2025. Dawa za minyoo nazo ni rahisi na salama. Lakini chanjo hiyo haizuii minyoo wala kipindupindu, na dawa ya minyoo haimkingi mtoto na mayai ya kesho. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kutibiwa, maambukizi ya askari hurudi karibu kiwango kile kile cha awali.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye majaribio makubwa ya vijijini magharibi mwa Kenya, ambako familia zilipewa vyoo bora, dawa ya maji na vifaa vya kunawia, na bado kuhara kwa watoto hakukupungua. Matokeo hayo yasifichwe. Lakini majaribio hayo hayo yalipunguza askari kwa takriban moja ya tano, na yaliboresha maboma machache huku majirani wakibaki kama walivyokuwa. Mji mzima unapopata maji safi, mambo huwa tofauti. Taifodi ilishuka sana katika miji ya Marekani kwa kuchuja maji na kuyatia klorini, miongo kadhaa kabla ya antibiotiki ya kwanza ya taifodi kupatikana mwaka 1948. Japani nayo, iliyokuwa na minyoo ya askari kila mahali baada ya Vita Vikuu vya Pili, iliimaliza kwa kupima, kutibu na kuboresha usafi kwa pamoja.

Kwa hiyo, mzazi, mpeleke mtoto akachanjwe, mpe dawa ya minyoo kwa ratiba, chemsha maji ya kunywa, na ukiambiwa ni taifodi uliza imepimwa kwa njia gani. Ila mfereji wa maji safi na choo cha mtaa mzima si kazi ya mzazi mmoja. Hiyo ni kazi ya serikali ya kaunti, na mwenye kura ana haki ya kuidai.