Shingo Haipigi Kelele Siku ya Ajali

Ndugu msomaji, wiki iliyopita nilizungumza redioni juu ya fidia ya mtu aliyeumia shingo katika ajali ya gari. Waliokosa kipindi wameomba mazungumzo hayo yaandikwe hapa, na waliosikiliza wameomba wayapate kwenye karatasi ili wayahifadhi. Nayaandika basi, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, Alhamisi moja jioni, mfanyakazi mwenzangu alinipa lifti. Tulikuwa watatu katika gari dogo: yeye kwenye usukani, mimi kiti cha mbele, na nyuma alikaa dada mmoja fundi cherehani, jirani yake. Tukiwa tumesimama kwenye foleni ya taa za Buguruni, Barabara ya Mandela, pikapu iliyobeba mabati ilishindwa kusimama ikatugonga kwa nyuma. Haikuwa ajali ya kutisha. Taa moja ilivunjika na buti likabonyea. Tukashuka, tukajipapasa, tukamshukuru Mungu. Askari wa trafiki alipofika aliuliza, "Kuna majeruhi?" Nikawa wa kwanza kujibu, tena kwa sauti ile ile ya kusomea habari: "Hakuna, afande. Wote wazima."

Jibu hilo lilinigharimu. Usiku nililala vizuri. Alfajiri nilipotaka kugeuka kuzima saa, shingo ikakataa. Ilikuwa ngumu kama nimefungwa ubao, na maumivu yakashuka hadi begani. Nilidhani ni mto. Nikajikanda kwa maji ya moto, nikameza dawa za dukani, nikaenda kazini. Siku ya tatu sikuweza hata kuinama kusoma karatasi iliyo mbele yangu. Ndipo nikaenda hospitali.

Daktari alinieleza jambo ambalo kila anayepanda gari angefaa kulijua. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mwili mbele ghafla. Kichwa, ambacho ni kizito na hakijashikwa na kitu, kinabaki nyuma kwa nukta ya muda, kisha kinarushwa mbele. Shingo ina pingili saba zilizoshikwa na misuli na kano, na kano hizo ndizo zinazovutwa kupita kiasi. Mfupa unaweza usivunjike kabisa, na picha ya eksirei ikatoka safi. Lakini nyama zilizochanika ndani huvimba polepole, hivyo maumivu huweza kuanza baada ya saa kadhaa, au kesho yake, au hata keshokutwa. Wengi hupona katika wiki au miezi michache, hasa wakifuata mazoezi waliyopewa badala ya kukaa na kola shingoni siku zote. Wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu. Siku ya kwanza hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia utaangukia kundi lipi.

Hapo ndipo lilipo tatizo la fidia. Gari lililobonyea linaonekana pale pale. Shingo haionekani, na haisemi siku ya ajali. Kwa hiyo mwenye jeraha la shingo ana mambo mawili ya kuzingatia: awahi kuweka ushahidi, na asiwahi kusaini.

Tuanze na ushahidi. Daktari aliniuliza fomu ya polisi, PF3. Sikuwa nayo. Nilipokwenda kituoni, askari wa zamu alifungua maelezo ya ajali, akanitazama, akasema, "Mzee, hapa imeandikwa hakuna majeruhi." Sikuweza kumlaumu, kwa sababu aliyeyasema maneno hayo nilikuwa mimi. Ilibidi nitoe maelezo mapya, mwenzangu naye aandike ya kwake, ndipo nikapewa fomu. Ningemjibu yule trafiki, "Kwa sasa sijisikii maumivu, lakini nitakwenda kupimwa," nisingehangaika hivyo. Maneno hayo ni ya kweli na hayamwonei mtu.

Andika basi, hata nyuma ya tiketi, namba za magari yote mawili, jina la dereva, namba ya taarifa ya polisi, na simu za watu wawili walioshuhudia. Piga picha kabla magari hayajasogezwa, kama haizuii njia. Kisha jua bima ya gari lililokosa ni ya kampuni gani. Zamani jambo hilo halikuwa na utafiti, kwani Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake Tanzania Bara mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Siku hizi kampuni ni nyingi. Nenda hospitali siku ile ile, au kesho yake, hata kama ni shingo kukaza tu. Kama unahisi ganzi mikononi, au mikono inakosa nguvu, usingoje kitu: tibiwa kwanza, na ndugu yako afuatilie fomu. Naye aliyeanguka akilalamika shingo, msimnyanyue kwa kumkunja kama gunia.

Sasa, anayelipa ni nani? Wengi wanachanganya mambo mawili. Dereva akifikishwa mahakamani kwa uzembe akatozwa faini, faini ile inakwenda serikalini. Hupati hata senti. Fidia ni dai lako wewe, na unalidai mwenyewe kwa dereva, kwa mwenye gari aliyemtuma, na kwa njia hiyo kwa kampuni ya bima. Lakini hukumu ya trafiki usiidharau. Dereva akitiwa hatiani, nakala ya hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika dai lako, kwa hiyo fuatilia kesi hadi mwisho.

Sheria yetu ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya madhara kwa watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Watu huidharau bima ndogo kwa kuwa haitengenezi gari la mwenyewe. Lakini iliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi na yule fundi cherehani, ambao hatukuwa na mkataba wowote na mwenye pikapu. Na kama ajali ilikupata ukiwa katika kazi ya mwajiri wako, ulizia pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008.

Dai lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni fedha ulizotumia au kuzikosa: dawa, vipimo, mazoezi ya viungo, nauli za kwenda hospitali, siku ulizoshindwa kufanya kazi. Hizi mahakama haikisii. Zinatajwa moja moja na kuthibitishwa, kwa hiyo risiti ya shilingi elfu mbili usiitupe. Fundi, muuza genge au dereva wa bodaboda asiye na hati ya mshahara aoneshe daftari lake la mapato, au wateja wake watoe ushahidi. Sehemu ya pili ni maumivu yenyewe na maisha yaliyoharibika. Hii hukadiriwa na hakimu au jaji kwa busara yake, akiongozwa na ripoti ya daktari. Usiongeze chumvi. Uongo mdogo ukigunduliwa, hata ukweli wako unatiliwa shaka.

Sasa nije kwenye kusaini. Wiki ya pili baada ya ajali, mtu wa kampuni ya bima ya pikapu alitutembelea, mpole, na bahasha mkononi. Shilingi laki mbili kila mmoja, na karatasi ya kusaini. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Bahati nzuri nilikwenda kwanza kumwamkia mzee jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama. Nilimpa shikamoo, nikamwonesha. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "hapa imeandikwa umelipwa malipo kamili na ya mwisho, na hutadai tena lolote juu ya ajali hii. Shingo imepona?"

"Bado, mzee."

"Basi unauza kitu usichojua bei yake."

Sikusaini. Yule dada alisaini, na simlaumu. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, na laki mbili zilizo mkononi ni laki mbili. Lakini kazi ya cherehani ni ya kuinamisha shingo kutwa nzima. Mwezi wa tatu alikuwa anashona nusu saa, anapumzika saa nzima. Aliporudi kwenye kampuni alioneshwa sahihi yake. Hati kama hiyo huweza kupingwa mahakamani ikiwa ulidanganywa, lakini wa kuthibitisha udanganyifu ni wewe, na yeye hakudanganywa. Alikuwa na shida tu.

Hata wenzetu wamelazimika kulitungia sheria jambo hili. Katika England na Wales madai ya shingo yalikuwa mengi, na serikali ikaamini kwamba mengine ni ya kusingizia. Sheria ya 2018, iliyoanza kutumika katika madai hayo Mei 31, 2021, iliweka viwango maalumu, ambavyo wakati huo vilianzia pauni 240 kwa jeraha lisilozidi miezi mitatu. Lakini sheria hiyo hiyo ilikataza kampuni ya bima kumaliza dai kama hilo bila ushahidi wa daktari. Nchi inayowashuku wadai imeona kwamba bila daktari hakuna bei ya shingo. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo cha kutulinda, kwa hiyo tujilinde wenyewe.

Usiogope kungoja, lakini usilale. Kwa Sheria ya Ukomo, dai la madhara kama haya lina miaka mitatu tu tangu siku ya ajali. Mapema kabisa iandikie kampuni ya bima barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Daktari akishasema hali imetulia, omba ripoti yake kamili, ndipo mzungumze fedha. Kampuni ikikuzungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inapokea malalamiko, na Sheria ya Bima ya 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa kesi ya mahakamani tafuta wakili mwenye leseni. Jihadhari na vishoka wanaozunguka mahospitalini na vituoni wakikuambia, "Nipe karatasi zako, nitakufuatilia." Asilia za karatasi zako usimpe mtu.

Mimi nililipwa baada ya miezi minane. Sikutajirika. Zilirudi gharama za matibabu, na kitu cha kunifuta jasho. Yule dada amepunguza kazi, na mashine yake ya pili ameiuza. Tulipanda gari moja, tukagongwa na pikapu moja, kwa sekunde ile ile. Kilichotutofautisha ni kwamba mimi nilikuwa na mshahara wa kuningojea shingo ipone, na mzee wa kunisomea karatasi.

Mshahara siwezi kukupa, ndugu msomaji. Lakini maneno ya mzee nimekuletea. Kikate kipande hiki cha gazeti, ukiweke ndani ya gari.