Fundi Cherehani Tajiri

Mwaka 1929 Mfaransa Alphonse Chérel alitoa kitabu cha kujifunzia Kiingereza bila taabu, ndivyo jina lake lilivyoahidi. Somo la kwanza lilifunguliwa na taarifa kwamba fundi cherehani wa msemaji ni tajiri. Fundi huyo ni nani, katajirika vipi, na utajiri wake unamhusu nini mtu aliyeshika kitabu kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeelezwa. Kampuni ya Assimil iliyoanza na kitabu hicho ipo hadi leo, na sentensi ile imekuwa utani wa Ufaransa nzima: mtu akitaka kukiri kwamba Kiingereza chake ni cha kuombea maji, huitamka hiyo. Warusi nao wana yao, inayowakumbusha kwamba London ni mji mkuu wa Uingereza. Wajapani wana kalamu, ambayo huinuliwa mbele ya watu wenye macho yao na kutangazwa kuwa ni kalamu. Mchekeshaji Arai Chu wa kundi la Drifters aliipigia kelele kwenye televisheni miaka ya mwanzo ya 1970 hadi kila mtoto akaijua. Nchi baada ya nchi, sentensi za namna hii hutajwa kuwa ushahidi kwamba Kiingereza kinafundishwa vibaya. Nadhani mshitakiwa aliyekamatwa siye. Sentensi inayochekesha haimdhuru mwanafunzi. Ya kuangaliwa ni ile ambayo haimchekeshi mtu yeyote.

Tuanze na mwandishi wa kitabu, ambaye wengi humhukumu haraka kuwa hakujua Kiingereza. Mara nyingi alikijua vizuri, na alijua vilevile mwanafunzi wake anatoka wapi. Maneno ya Kiingereza ya fundi wa nguo na ya tajiri yanakaribiana mno na tailleur na riche ya Kifaransa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anaielewa sentensi nzima bila kufungua kamusi, na papo hapo ameshapata nomino, kitenzi, kivumishi na neno la kumiliki. Kazi kubwa imefanywa na maneno manne. Anayeona hilo ni la kipuuzi ajaribu kumfundisha Mjerumani ngeli ya KI-VI. Atajikuta anaandika kwamba kikapu changu kikubwa kimoja kimeanguka, kisha anamtaka mwanafunzi aviangushe vitatu. Si rahisi kumsikia mchuuzi wa Kariakoo akilalamika kwa mpangilio huo, lakini kila neno limevaa ki- au ch-, na hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Sentensi ya kitabu inabeba sarufi. Haina msemaji, haina msikilizaji, haina sababu ya kusemwa. Kicheko chetu kinatokana na kuivika ghafla mdomo wa mtu.

Aliyeivika mdomo huo kwa ustadi kuliko wote ni Eugène Ionesco, mzaliwa wa Romania aliyeishi Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kujisomea Kiingereza kwa kitabu cha Assimil. Akajifunza kwamba wiki ina siku saba, kwamba sakafu iko chini na dari iko juu. Akakutana na Bi Smith anayemweleza mumewe kwamba wana watoto kadhaa na kwamba wanaishi jirani na London, mambo ambayo mume huyo, tunatumaini, alikuwa ameshayagundua. Kutokana na hayo ikazaliwa tamthilia La Cantatrice chauve, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1950, na tangu 1957 imekuwa ikionyeshwa kwenye ukumbi mdogo wa Huchette huko Paris. Watazamaji wangeuchoka mzaha wa kitabu cha shule kitambo. Kinachowarudisha ni kwamba wanajisikia wenyewe mle ndani. Sisi pia humwona mtu amesimama mlangoni na mizigo yake, tukamwuliza, “Umerudi?” Mazungumzo ya kweli yamejaa taarifa ambazo kila mtu anazo tayari.

Pingamizi dhidi ya sentensi hizi ni za siku nyingi, na zimetolewa na watu wazito. Mtaalamu Mwingereza Henry Sweet, katika kitabu chake cha mwaka 1899, alizibeza sentensi za mazoezi, mojawapo ikimhusu mwanafalsafa aliyevuta taya la chini la kuku. Otto Jespersen wa Denmark, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1904, alilalamika kuwa mwanafunzi anarushwa kutoka jambo moja hadi jingine bila uzi wa kuyaunganisha. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, ambayo mifano yake ilichotwa kwenye maandishi na mazungumzo halisi yaliyokusanywa kwa kompyuta. Hoja yao ina nguvu: kwa nini kumfundisha mtu maneno ambayo hakuna anayeyasema? Ila chukua mazungumzo halisi ya dakika mbili, uyaandike yalivyo. Utakuta nusu sentensi, majina ya watu usiowajua, na habari zilizoanza jana. Kwa anayeanza, uhalisi huo ni fumbo kuliko kuku wa Sweet. Guy Cook, mtaalamu mwingine Mwingereza, alimchukua kuku huyohuyo mwaka 2001 akamweka kwenye kichwa cha makala ya kuzitetea sentensi za ajabu, akisema mchezo wa lugha una nafasi yake katika kujifunza.

Kumbukumbu nayo iko upande wa kuku, kwa sharti moja. Mwaka 1986 Wamarekani McDaniel na Einstein walionyesha kwamba sentensi za ajabu hukumbukwa vizuri zaidi zikichanganywa na za kawaida. Zote zikiwa za ajabu, faida inapotea. Kitabu chenye fundi mmoja tajiri kinamsaidia msomaji. Chenye mafundi arobaini hakina tofauti na kelele.

Sasa tazama sentensi isiyochekesha. Katika miaka ya 1990 mamilioni ya wanafunzi wa sekondari China walisoma vitabu vilivyoandaliwa na People's Education Press pamoja na Longman, ambamo Li Lei na Han Meimei husalimiana kwa adabu. Ukimwuliza mtu hali, atakujibu kuwa ni mzima, atashukuru, kisha atakuuliza wewe je. Kila neno ni sahihi, na Waingereza wenyewe huyasema. Ndiyo maana Wachina wana kichekesho cha mwenzao aliyepata ajali Marekani: gari limebiringika, askari anamwinamia na kumwuliza hali yake, naye kwa sauti ya darasani anajibu kuwa ni mzima, ahsante, wewe je?

Hapo pana madhara ya kweli. Hakuna atakayemtajia rafiki yake wa Kiingereza utajiri wa fundi kwa bahati mbaya, kwa sababu sentensi yenyewe inapiga kengele kwamba ni ya mazoezi. Salamu haipigi kengele. Imekaririwa na darasa zima kwa sauti moja, kwaya ambayo waliopita shule za msingi Tanzania na Kenya wanaifahamu, na swali limefungwa na jibu lake hata mwenye homa hana pa kuchomokea. Mgeni anayejifunza Kiswahili hupata msiba huohuo. Kitabu kimempa “Hujambo” na “Sijambo”, maneno safi kabisa, anafika Dar es Salaam, kijana anamrushia “Mambo vipi?”, mzee anangoja “Shikamoo”, naye anamjambo kila mtu.

Atatokea wa kusema kwamba kuzisifu sentensi za kuchekesha ni kuwapa kinga walimu wavivu. Wavivu wapo. Lakini kicheko kikubwa mara nyingi hutoka kwa mwalimu mgeni aliyeletwa kwa mkataba mfupi kwa sababu tu Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, akikicheka kitabu cha mwalimu mwenyeji anayejua hasa mwanafunzi wake atajikwaa wapi. Muda wake ungefaa zaidi kwenye ukurasa wa salamu. Aliulize darasa swali lilelile la hali, mmoja ajibu akiwa na jino linalouma, wa pili akiwa ameachwa na basi, wa tatu akiwa hataki kabisa kuongea asubuhi hiyo.